Neno butterfly katika Kiingereza: kinachoazimwa ni umbo la mabawa kuliko mdudu mwenyewe

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni kwa ajili ya kila anayekutana na neno la Kiingereza butterfly mahali ambapo hakuna mdudu wala ua: kwenye maelezo ya kifaa cha hospitali, kwenye mchoro wa injini, kwenye taarifa za michezo au kwenye makala ya masoko ya fedha. Mara nyingi msomaji huandika "kipepeo" kisha akaendelea, na sentensi yake ikabaki bila maana. Hoja yangu ni hii, nami nitaitetea kwa mifano: wasemaji wa Kiingereza wanapomwazima mdudu huyu ili kutaja kitu kingine, karibu kila mara huazima umbo lake, yaani mabawa mawili yanayolingana, yaliyoshikana kwenye mwili mwembamba ulio katikati. Mara chache huazima mwendo wake, na mara chache zaidi udhaifu wake. Anayejua kilichoazimwa ni kipi ataielewa istilahi hata kama hajawahi kuiona popote.

Kiswahili kilianzia upande mwingine kabisa. Kipepeo ni kipepeacho. Neno hilohilo humtaja mdudu na pia kile kinachotumika kupepea moto, na mzizi wake ni mwendo. Kiingereza cha kale kilimwita buttorfleoge, jina lililounganisha siagi na inzi, na wataalamu wa asili ya maneno hawajakubaliana kwa nini siagi iliingia humo. Wapo wanaotaja rangi ya manjano ya baadhi ya vipepeo wa Ulaya, na wapo wanaotaja imani ya zamani kwamba wadudu hao, au wachawi waliojigeuza wadudu, walikuwa wakiiba maziwa na siagi. Vyovyote iwavyo, jina hilo halisemi lolote kuhusu umbo la mabawa, ilhali matumizi yake mapya karibu yote yamejengwa juu ya mabawa.

Kuhusu mdudu mwenyewe nitasema kwa ufupi. Yumo katika oda ya Lepidoptera, jina la kisayansi linalomaanisha mabawa yenye magamba, kwa sababu ule unga unaobaki vidoleni unapomshika ni magamba madogo yaliyopangwa juu ya bawa. Aina za vipepeo zinazojulikana ni takriban 18,000, na aina za nondo ni nyingi mara kadhaa kuliko hizo. Kiingereza humtenga butterfly na moth kama sisi tunavyomtenga kipepeo na nondo. Nataja nondo makusudi: fundi ujenzi anapoagiza nondo za kusukia zege hakuna anayemfikiria mdudu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili asishangae kuona jina la mdudu likihamia kwenye chuma.

Nianze na kuogelea, kwa kuwa hapo umbo na mwendo vimechanganyika. Mtindo unaoitwa butterfly haukubuniwa kama mtindo mpya; ulizaliwa ndani ya mtindo wa chura. Katika miaka ya 1930 waogeleaji wa Marekani waligundua kwamba kanuni za mtindo wa chura hazikuwakataza kurudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji badala ya chini yake, na kwamba kufanya hivyo kunaongeza kasi. Kocha David Armbruster wa Chuo Kikuu cha Iowa aliushughulikia mwendo huo wa mikono, na mwogeleaji wake Jack Sieg akauongezea mapigo ya miguu miwili kwa pamoja, kama mkia wa pomboo. Kwa miaka mingi watu wa mitindo hiyo miwili walishindana katika mbio moja, jambo ambalo lilikuwa linaua mtindo wa chura wa asili, hadi ilipoamuliwa kuitenganisha. Michezo ya Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956 ndiyo ya kwanza kuupa mtindo huu mashindano yake: mita 200 kwa wanaume, alikoshinda William Yorzyk, na mita 100 kwa wanawake, alikoshinda Shelley Mann. Kanuni zake zote zinalinda ule ulinganifu wa kushoto na kulia. Mikono lazima iende pamoja, miguu lazima iende pamoja, na mwogeleaji lazima aguse ukuta kwa mikono miwili kwa wakati mmoja anapogeuka na anapomaliza. Akigusa kwa mkono mmoja, anaondolewa. Kwa maneno mengine, kanuni inamlazimisha awe na mabawa mawili yanayolingana kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ulinganifu huohuo umo katika mambo ambayo hayana uhai kabisa. Mwaka 1904 wanaastronomia wawili wa Uingereza, Edward Maunder na mkewe Annie, walichora mahali ambapo madoa ya Jua hutokea mwaka hadi mwaka. Madoa huanza mzunguko wake wa takriban miaka 11 yakiwa mbali na ikweta ya Jua, kaskazini na kusini, karibu na nyuzi 30, kisha mapya huzidi kuisogelea ikweta kadiri mzunguko unavyokwisha. Ukiyachora kwa kuweka miaka kwenye mstari wa chini na latitudo kwenye mstari wa wima, kila mzunguko hutoa mabawa mawili, moja juu ya ikweta na jingine chini yake. Mchoro huo unaitwa butterfly hadi leo.

Katika masoko ya fedha kuna mkakati wa jina hilo pia. Mfanyabiashara hununua haki moja ya kununua hisa kwa bei ya chini, huuza haki mbili za kuinunua kwa bei ya kati, kisha hununua haki nyingine moja ya kuinunua kwa bei ya juu, na hizo bei tatu huwa zimepishana kwa umbali ulio sawa. Faida yake huwa kubwa zaidi pale bei ya hisa inapotua palepale katikati. Wafanyabiashara wenyewe huziita zile haki mbili za katikati mwili, na zile za pembeni mabawa.

Karibuni mchangie, hasa wenye fani zenu.

Mchangiaji, muuguzi

Ndugu mleta uzi, hoja yako inasimama vizuri sana katika kazi yangu, ila kuna mahali pamoja itabidi uiongezee.

Sindano inayoitwa butterfly ni sindano fupi na nyembamba yenye vipande viwili vya plastiki laini pembeni, iliyounganishwa na mrija mwembamba. Vile vipande ndivyo mabawa. Huvibana pamoja kwa vidole unapoingiza sindano, na hivyo kuidhibiti kwa usahihi mkubwa, kisha huvilaza juu ya ngozi na kuvibandika kwa plasta ili sindano isihame. Tunaitumia zaidi kwa watoto, kwa wazee na kwa wagonjwa ambao mishipa yao ni midogo au hukwepa. Hapa mabawa yana kazi. Hayakuwekwa kwa ajili ya kufanana na mdudu, na anayefunzwa kazi hii akiyapuuza hujikuta akiishika sindano vibaya.

Upele wa usoni wa ugonjwa wa lupus nao unabeba jina hilo. Huenea juu ya mashavu yote mawili na kuunganika juu ya daraja la pua, na kwa kawaida hauigusi ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Alama hiyo ya kutoigusa mikunjo ni ya maana sana, kwa sababu humsaidia daktari kuutofautisha upele huo na mengine yanayoyafanya mashavu kuwa mekundu. Tezi iliyo mbele ya koo, inayotoa homoni za kuendesha kasi ya mwili, hufundishwa kwa mfano huohuo: sehemu mbili za pembeni na kiungo chembamba kati yake. Kuna pia uvimbe wa ubongo unaoitwa hivyo kwa sababu huvuka kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda wa pili kupitia daraja la nyuzi za neva lililo katikati, na kwenye picha huonekana kama mabawa yaliyofunguka. Jina ni zuri, ugonjwa ni mbaya mno.

Sasa nyongeza yangu. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi ambayo tabaka za ngozi yao hazishikani sawasawa, kwa kuwa protini zinazozifunga zina kasoro. Msuguano mdogo tu, hata wa nguo au wa kubebwa, hutoa malengelenge na vidonda. Wazungumzaji wa Kiingereza huwaita watoto wa butterfly. Hapo hakuna umbo wala mwendo. Kilichoazimwa ni ngozi kuwa nyepesi kuharibika kama bawa ambalo ukiligusa magamba hutoka. Wewe umeliita jambo hilo udhaifu na kulipa nusu sentensi, na mimi naomba lipewe nafasi yake, kwa sababu kwa familia hizo ndiyo maana pekee ya neno hilo.

Mleta uzi

Nimeipokea nyongeza hiyo kwa mikono miwili, ndugu muuguzi. Tofauti uliyoionesha ni ya msingi: sindano, upele, tezi na uvimbe vinasomeka kwa macho, lakini jina la watoto hao husomeka kwa kidole. Mtu akidhani ni umbo, ataanza kutafuta alama ya mabawa kwenye ngozi ya mtoto, na atakuwa amekosa kabisa kinachosemwa.

Mchangiaji, fundi mitambo

Mimi niongezee vali. Vali ya butterfly ni sahani ya duara iliyofungwa katikati ya bomba juu ya mhimili mmoja unaopita kwenye kipenyo chake. Ukiuzungusha mhimili robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, sahani inahama kutoka kuziba bomba lote hadi kukaa sambamba na mkondo. Nusu moja ya sahani huenda mbele na nusu nyingine hurudi nyuma, na hizo nusu mbili zikiwa pande mbili za mhimili ndizo mabawa. Faida yake ni kwamba ni nyepesi, ni fupi, na hufungwa haraka, ndiyo maana hupendwa kwenye mabomba mapana ya maji ambako vali ya lango ingekuwa nzito kupita kiasi. Hasara yake inatokana na muundo uleule: hata ikiwa wazi kabisa, sahani na mhimili vinabaki katikati ya mkondo, kwa hiyo shinikizo hupungua kidogo, na kifaa cha kusafishia bomba kwa ndani hakiwezi kupita.

Kifaa hichohicho kwa udogo ndicho kinachoongoza hewa katika injini ya petroli, iwe kwenye kabureta au kwenye mlango wa hewa wa mifumo ya kisasa. Dereva anapokanyaga mafuta, kwa kweli anafungua kisahani hicho ili hewa iingie, na petroli huongezwa kufuata hewa hiyo. Injini ya dizeli ya kawaida haikihitaji kwa kazi hiyo, kwa sababu yenyewe huongozwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Naona wengi wakisema kwamba kanyagio ni la "kumwaga mafuta", na kauli hiyo huwapoteza wanafunzi wanapofika kwenye kisahani na kutoelewa kipo hapo kwa ajili gani.

Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, naona umekikwepa kile ambacho wengi tunakijua kuliko vyote, yaani athari ya kipepeo. Hapo kipepeo anapiga bawa upande mmoja wa dunia na kimbunga kinatokea upande wa pili. Umbo liko wapi hapo? Na je, ni kweli kwamba mdudu anaweza kuleta kimbunga?

Mleta uzi

Sikukikwepa, nilitaka kipate nafasi ya kutosha, kwa sababu hakuna matumizi ya neno hili yanayopotoshwa kama haya.

Edward Lorenz alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1961 alikuwa akiendesha kwa kompyuta mfano mdogo wa hali ya hewa, akataka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya. Aliingiza namba zilizochapishwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa na tarakimu tatu tu baada ya nukta ilhali kompyuta ilikuwa ikitunza sita: mahali pa 0.506127 yeye aliandika 0.506. Mwanzoni matokeo mapya yalifuatana na ya zamani, kisha yakaanza kuachana, na baada ya muda yakawa hayafanani kabisa. Mashine haikuwa mbovu. Milinganyo yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikuza tofauti ndogo hadi ikafunika kila kitu. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1963, na katika maandishi ya wakati huo ndege aliyetajwa kupiga bawa alikuwa shakwe wa baharini. Kipepeo aliingia mwaka 1972, katika mhadhara uliotolewa mjini Washington, ambao kichwa chake kiliuliza kama bawa la kipepeo nchini Brazili linaweza kuanzisha kimbunga huko Texas. Kichwa hicho kiliwekwa na Philip Merilees, mwandaaji wa kikao hicho.

Kwa hiyo kilichoazimwa hapo ni udogo. Alihitajika kiumbe mdogo anayetikisa hewa kidogo kabisa. Umbo lilijileta lenyewe kwa njia nyingine: ukichora mwenendo wa milinganyo ya Lorenz ya mwaka 1963, mstari huzunguka katika maeneo mawili yaliyokaa kama mabawa, ukiruka kutoka moja kwenda jingine bila kurudia njia yake. Watu wengi huamini kwamba jina limetokana na mchoro huo, na ukiutazama unaona sababu ya kuamini hivyo, lakini mhadhara wa 1972 ndio ulioeneza jina.

Sasa swali lako la pili. Lorenz hakufundisha kwamba kipepeo huleta kimbunga. Alieleza kwamba kama pigo moja la bawa linaweza kuchangia kuzaliwa kwa kimbunga, basi linaweza vilevile kuchangia kukizuia. Mabawa ni mengi yasiyohesabika, na mapigo ya viumbe wengine ni mengi zaidi. Fundisho lake ni juu ya mipaka ya utabiri: kwa kuwa hatuwezi kupima hewa yote bila kosa hata dogo, utabiri wa siku mahususi hupoteza thamani baada ya takriban wiki mbili, hata kompyuta ikiwa na nguvu kiasi gani. Wahamasishaji wanaolichukua jina hilo kusema kwamba kila tendo dogo jema litazaa jambo kubwa wanasema kinyume cha alichokionesha, maana ahadi ya namna hiyo inahitaji kutabirika, na kutabirika ndiko alikokukanusha.

Mchangiaji

Ningependa pia litajwe jambo ambalo jina hili zuri limelificha. Katika Vita Vikuu vya Pili Wajerumani walikuwa na bomu dogo la kilo 2 lililoitwa SD 2, ambalo Waingereza waliliita bomu la butterfly. Ganda lake lilifunguka angani likawa kama mabawa, upepo ukayazungusha, na mzunguko huo ndio ulioliweka bomu tayari kulipuka. Mengine yalilipuka yakigusa ardhi, mengine yalisubiri mtu ayaguse. Mji wa Grimsby, mashariki mwa Uingereza, ulimwagiwa mabomu hayo mwezi Juni 1943, na watu waliendelea kuuawa baada ya ndege kuondoka kwa sababu yalikuwa yamelala kwenye paa, kwenye ua na kwenye miti. Miongo kadhaa baadaye jina hilohilo lilipewa bomu la Kisovieti la PFM-1, la plastiki, lenye bawa moja nene lililojaa kilipukaji na bawa jingine jembamba la kuliwezesha kuelea hewani. Lilitawanywa kwa wingi Afghanistan, na watoto waliliokota wakidhani ni kitu cha kuchezea. Umbo hapa ni la uhandisi mtupu, na ndilo lililowaponza watoto.

Mchangiaji, mwalimu wa lugha

Na maana zinazohusu watu? Wanafunzi wangu huniuliza zaidi juu ya vipepeo walioko tumboni na juu ya mtu anayeitwa kipepeo wa jamii.

Mleta uzi

Hizo mbili ndizo zenye mwendo ndani yake, mwalimu. Vipepeo vya tumboni ni ile hali ya kuhisi kitu kikicheza ndani kabla ya mtihani, kabla ya kupanda jukwaani au mbele ya mtu unayempenda. Mwili unapojiandaa kwa tishio hutoa adrenalini, damu hupunguzwa kwenye utumbo na kupelekwa kwenye misuli, na mwenye tumbo huhisi mtikisiko. Sisi tuna tumbo joto, tuna roho juu, tuna moyo kudunda, na yeyote anayetafsiri riwaya au mazungumzo atumie hizo bila kusita, kulingana na kama hofu imezidi au shauku imezidi. Kumjaza mhusika wadudu tumboni kwa Kiswahili ni kumfanya msomaji adhani anaumwa.

Kipepeo wa jamii ni mtu anayetua kwa huyu kisha kwa yule, mchangamfu katika kila kundi. Zamani kulikuwa na dharau ndani yake, kwa maana ya mtu asiye na kina, aliyejipamba na asiyefanya kazi. Leo mara nyingi ni sifa. Mwanafunzi afundishwe kusikiliza sauti ya anayesema.

Mchangiaji, mwalimu wa lugha

Basi nisaidie na hili la mwisho. Katika taarifa za uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000 nimekutana na karatasi ya kura ya butterfly. Niandikeje?

Mleta uzi

Hapo kwanza eleza umbo, kisha ndipo utaje jina. Katika kaunti ya Palm Beach, Florida, majina ya wagombea yalipangwa kwenye kurasa mbili zilizotazamana, na matundu ya kutoboa yakawa kwenye mstari mmoja katikati, yakitumikia kurasa zote mbili kwa zamu. Nia ilikuwa kuyapa majina herufi kubwa ili wapiga kura wazee wasome kwa urahisi. Lakini Al Gore, mpinzani mkuu wa George W. Bush, aliyekuwa wa pili kwenye ukurasa wa kushoto, tundu lake lilikuwa la tatu, kwa sababu tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa ukurasa wa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika kaunti hiyo, nyingi kuliko alivyotarajiwa kupata katika eneo kama lile, na George W. Bush alishinda jimbo zima kwa tofauti ya kura 537. Msomaji akishaelewa kwamba mabawa ni kurasa mbili na mwili ni mstari wa matundu, "karatasi ya kura ya kipepeo" itamtosha kwa makala yote yaliyobaki. Ukianza na jina kabla ya maelezo, atafikiri karatasi hiyo ilichorwa picha ya mdudu.

Kwa kanuni hiyohiyo mimi huandika sindano ya mabawa, vali ya sahani na upele wa umbo la kipepeo, na kwa Lorenz huandika athari ya kipepeo kwa kuwa imekwisha kuzoeleka. Kwa bomu la SD 2 napendelea kuandika bomu la mabawa, ili neno kipepeo lisihusishwe nalo. Mwenye pendekezo bora kwa lile jina la watoto wenye ngozi dhaifu, hasa kutoka kwa wauguzi na wazazi, naomba aliweke hapa.